Mikono ya Mama Mkunga

Mama mkwe wangu hakuwahi kwenda msaragambo. Alilipa faini.

Huku kwetu milimani, upande wa Mhezi, msaragambo ni kazi ya kijiji kizima: pembe ikilia asubuhi kila nyumba hutoa mtu mmoja na jembe lake. Siku hiyo ni mfereji, siku nyingine ni barabara, na masika ikiisha ni ndiva, lile bwawa la udongo linalokusanya maji usiku ili kukicha yagawanywe mashambani kwa zamu. Asiyefika anatozwa faini, na hakuna anayependa kuilipa, maana nyumba yake inatajwa mbele za watu. Mama mkwe hakujali. Alilipa kabla pembe haijalia. Alimpa wifi yangu noti iliyokunjwa ampelekee mzee wa pembe, halafu akasimama kibarazani na kusema kwa sauti ya kufika barabarani, "Mikono hii imezoea kupokea watoto. Haikuumbwa kwa tope."

Na kweli ilikuwa mikono. Alifanya kazi ya ukunga hospitali ya Gonja mpaka akastaafu, na aliporudi nyumbani hakuacha. Ukipita njia yetu ukamwona kijana anampisha kwa adabu, ujue alipokewa na yeye. Mtoto akizaliwa, kabla hajamfunga kanga, Mama Mkunga alimfungua vidole kimoja kimoja, mikono yote miwili, taratibu, kisha ndipo alimkabidhi kwa mama yake. Kanisani kwetu, kwenye mtaa mdogo wa Kilutheri, alikuwa mzee wa kanisa, na kila Jumatano aliwafundisha kina mama Biblia. Somo alilolipenda lilikuwa unyenyekevu. Alilifundisha vizuri sana. Mimi nilikaa benchi la nyuma nikimsikiliza, nauma ulimi.

Mimi ni mtoto wa Makanya. Baba yangu alichimba jasi, na nyumbani kwetu kila kitu kilikuwa na vumbi jeupe, hata chumvi. Siku ya kwanza nilipoletwa kwa mama mkwe aliniangalia miguu, akauliza mbele ya wageni, "Huko chini kwenu vumbi halitoki hata kwa sabuni?" Wageni wakacheka. Na mimi nilicheka, na lile neno nikaliweka. Nina hasira za karibu, lakini nyumba ile ilinifundisha kuziweka akiba.

Nilipopata mimba, mume wangu alikuwa anafanya kazi Same mjini, nami nikashuka kukaa naye. Kliniki waliniambia mtoto ni mkubwa na nyonga yangu ni nyembamba, nisikae mbali na hospitali mwezi wa mwisho. Mume wangu akatafuta chumba karibu. Mama mkwe alipopata habari alipiga simu, na sauti yake niliisikia ingawa simu ilikuwa sikioni kwa mwanawe. "Mjukuu wangu wa kwanza apokewe na mikono ya wageni? Wao wananifundisha mimi nyonga?" Mume wangu akakata simu, akanitazama, akasema maneno aliyoyasema tangu nimjue: "Mama anajua."

Nikapandishwa mlimani na begi langu. Sikubisha. Watu wa kanisani walinisifu kwamba mkwe wa Mama Mkunga ni mnyenyekevu, kumbe ilikuwa woga tu.

Kuna jambo jingine lazima nilitangulize. Jirani yetu wa chini, ng'ambo ya mfereji, ndiye mzee wa pembe. Zamani alikuwa anapika dengelua, ile pombe ya miwa, anauza, na kanisa likamtenga. Mke wake alisali peke yake miaka yote hiyo. Mwishowe yule mzee akaacha, akavunja mitungi, akaomba kurudi kundini. Utaratibu wetu ni kwamba anayerudi husimama mbele, mchungaji anauliza kama kuna mwenye neno. Kwa kawaida hakuna. Siku ile mama mkwe alinyanyuka kwenye benchi la wazee.

"Juzi nimepita kwake," alisema. "Mikono yake bado inanuka dengelua. Mikono ile itapokeaje Meza ya Bwana?"

Kama ilikuwa kweli au la, hakuna aliyejua, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Yule mzee alisimama kidogo, akaangalia mikono yake pande zote mbili, kisha akatoka. Mke wake akamfuata. Muda mrefu hawakurudi. Lakini pembe aliendelea kupuliza, na noti ya faini ya Mama Mkunga aliendelea kuipokea bila neno.

Mvua ya masika ile ilinyesha juma zima. Uchungu ulinianza jioni, na kulipopambazuka nilikuwa nimelala kwenye kitanda cha mama mkwe, kile chenye foronya zilizotariziwa, nikiwa nimeshika chuma cha kichwani kwa mikono miwili. Chupa ilikuwa imepasuka zamani. Mwanzoni mama mkwe alikuwa anaimba. Aliimba tenzi taratibu, anapanga vitu vyake juu ya taulo jeupe, ananiambia nipumue hivi, nilale hivi. Alikuwa na furaha, na hilo sitamnyima.

Kisha akaacha kuimba.

Alinipima, akanawa mikono. Akasubiri. Akanipima tena, akanawa tena, safari hii kwa muda mrefu, ameinamia beseni, amenipa mgongo. Akachukua kile kipimo chake cha chuma cha kusikilizia moyo wa mtoto, akakibandika tumboni, akaweka sikio. Nilikuwa naangalia uso wake kwa karibu kabisa, uso ambao siku zote ulikuwa umefungwa vizuri, na nikauona unafunguka. Kilichotoka humo ni hofu.

"Mama, vipi?"

"Pumua."

"Mama, mtoto vipi?"

"Nimesema pumua."

Wifi yangu alikuwa mlangoni na simu. Mume wangu alikuwa amekodi gari Same tangu alfajiri, akapita Makanya, akaanza kupanda, na sasa alikuwa anapiga kelele kwenye simu kwamba barabara imekatika. Mlima ulikuwa umeporomoka kwenye kona ya chini ya mikaratusi. Gari haliwezi kupita. Yuko ng'ambo na dereva wanatazama tope.

Mama mkwe alisikia yote. Hakuna aliyemwambia afanye nini, maana kila mtu alijua. Kutoka kwetu hadi ile kona ni mteremko wa mawe na utelezi, na mtu wa kubebwa kwa machela anahitaji watu wengi wa kupokezana. Watu wengi hawaji kwa simu. Wanakuja kwa pembe.

Alifungua mkoba wake, akatoa noti, akaikunja vile vile anavyoikunja siku zote, akampa wifi. "Mpelekee. Mwambie apulize, kuna mgonjwa."

Wifi akashuka mbio. Mimi uchungu ulinishika na kuniachia, ukanishika tena, na kila ukiniachia nilisikia mvua juu ya bati na nikatega sikio kusikia pembe. Haikulia. Wifi alirudi amelowa, na noti ikiwa mkononi.

"Amesema urudishiwe hela yako."

"Amekataa?"

"Hakukataa. Amesema pembe ya shida hailizwi kwa kutumwa. Mwenye shida anakuja mwenyewe, na watu wakikusanyika anaitaja shida yake mwenyewe kwa mdomo wake."

Na ndivyo ilivyo, yule mzee hakuitunga siku ile. Nyumba ikiungua, mwenye nyumba husimama akasema. Mtoto akipotea, mama yake husimama akasema. Mama mkwe aliijua desturi hiyo kabla mimi sijazaliwa. Ila alikuwa hajawahi kuwa na shida.

Akabaki katikati ya chumba. Nitasema kweli kuhusu dakika ile, kwa sababu nimeulizwa mara nyingi nilikuwa nawaza nini, nami nimezoea kujibu kwamba nilikuwa naomba. Sikuwa naomba. Nilikuwa nafurahi. Katikati ya maumivu yale, mtoto wangu akiwa amekwama ndani yangu, kulikuwa na kijisehemu cha moyo kilichosema: haya, shuka sasa tukuone. Halafu uchungu mwingine ukaja, mkubwa kuliko yote, na ndani yake nikaelewa kwamba kama hatashuka mwanangu atakufa, atakufa kwa kiburi cha mtu mwingine, na furaha yangu ikageuka kuwa ubaridi mikononi na miguuni.

Nikasikia mlango.

Alitoka bila mwamvuli, na gauni lake jeupe la kazi. Alichomwambia mzee wa pembe huko chini sikijui. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kukisema. Ninachojua ni kwamba walipanda pamoja, yeye mbele na mzee nyuma, na mzee akasimama uani kwetu, pembeni ya migomba, akapuliza ile pembe ya tandala. Ilikuwa mara ya kwanza kulia ndani ya ua ule. Dirisha lilitetemeka.

Watu wakaja. Niliwasikia wanavyofika, buti na ndala kwenye matope, majembe yakiegemezwa ukutani. Wifi alinifungulia dirisha nipate hewa, nami nikawaona kwa kipande: magunia kichwani, nyuso zimelowa, kina mama wa darasa la Jumatano. Mama mkwe akapanda ngazi moja ya kibaraza, akashika nguzo.

"Nimewaita," alianza, kwa ile sauti ya matangazo ya kanisani, "kwa sababu kama mnavyofahamu, barabara yetu imeharibika, na kwa hiyo nyumba hii inaomba ushirikiano wenu wa..."

Hakuna aliyesogea. Sijui kama walikuwa wanamkomoa au wanasubiri tu amalize. Mwanamke mmoja nyuma, mke wa mzee wa pembe, alisema polepole, "Mama Mkunga, tuambie shida."

Mvua tu. Nikauma kanga ili nisipige kelele, maana nilitaka kusikia.

"Mtoto amekwama," alisema mama mkwe. Sauti ilikuwa imeshuka. "Nimemshindwa."

Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Waliambiwa wakae karibu na hospitali, nikakataa. Ni mimi niliyekataa, si huyu binti, wala mwanangu. Nilitaka azaliwe mikononi mwangu ili mseme mjukuu wa Mama Mkunga kapokewa na bibi yake. Na sasa moyo wake unapiga vibaya, na mimi sina la kufanya. Nawaomba. Nawaombeni mnisaidie." Akageuka kwa mzee wa pembe, na hapo sauti ikakatika kabisa, akawa anasema kwa pumzi. "Kaka yangu, lile neno nililolisema kanisani..."

"Mama," mzee alimkatiza, "mtoto anasubiri. Machela iko wapi?"

Basi. Hakuna aliyelia wala aliyekumbatiana na mwenzake. Nguzo mbili za mkaratusi zilipitishwa kwenye turubai, nikanyanyuliwa pamoja na foronya zilizotariziwa na kila kitu, na mlima ukaanza kuteremka chini yangu. Nilikuwa naona anga na nyuso zilizogeuzwa juu chini. Walipokezana bila kusimama. "Kulia, kuna jiwe." "Shikilia." "Haya, twende." Kila nikipiga kelele, waliongeza mwendo. Mama mkwe alikuwa anakimbia kando yangu na begi lake, na mara moja moja waliteremsha machela kidogo aweke kipimo tumboni, anasikiliza, anasema, "Bado yupo, twendeni," nao wanaondoka.

Kwenye kona ya mikaratusi barabara haikuwepo. Kulikuwa na ulimi mpana wa tope jekundu uliobeba mawe na miti, na ng'ambo yake gari, na mume wangu ameshika kichwa. Vijana wakaingia na machela, tope likawafika magotini, kisha mapajani. Machela ikayumba. Nilifumba macho. Nilipofumbua nilikuwa ng'ambo, mume wangu ananiita jina, wananipakia kiti cha nyuma, dereva amekwisha kuwasha gari.

Lakini mama mkwe hakuwepo.

Nikanyanyua kichwa. Alikuwa katikati ya tope, kiatu kimoja kimeliwa, ameshika begi juu, anajaribu kunyanyua mguu na mguu haunyanyuki. Alikuwa na miaka yake, na hilo nilikuwa sijawahi kuliona. Mzee wa pembe, aliyekuwa amevuka, akarudi. Akafika mbele yake, akageuka, akainama akampa mgongo.

"Panda, Mama Mkunga."

"Nitapita mwenyewe."

"Utapita saa ngapi?"

"Nimesema nitapita."

Dereva akatazama saa. "Jamani, tuondoke, huyu bibi atafuata."

Na hapo ndipo jambo lililoniuma kuliko uchungu wenyewe lilipotokea: niligundua kwamba namtaka. Kati ya watu wote wale, na mume wangu akiwemo, niliyemtaka kando yangu ndani ya lile gari ni yeye. Kama mtoto angekuja njiani, au kama moyo wake ungesimama, nilitaka iwe ile mikono. Nilimchukia, na nilimtaka, na hakukuwa na muda wa kuchagua. Nikapiga kelele kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo, mimi mtoto wa vumbi, ambaye sikuwahi kumpandishia sauti.

"Mama, panda! Unatuua!"

Aliniangalia. Kisha akaweka mikono yake mabegani kwa yule mzee, mabega ya mpika dengelua, na akapanda. Mzee akamnyanyua. Gauni jeupe lilikuwa limepanda hadi magotini, miguu myembamba inaning'inia, mguu mmoja hauna kiatu, shavu lake limeegemea kisogo cha mtu ambaye yeye ndiye aliyemfukuza kanisani. Nusu ya kijiji ilikuwa imesimama pale inatazama, na hakuna aliyecheka. Alishushwa kwenye mlango wa gari. Akaingia, akanishika tumbo, na hakuitoa mikono yake hapo mpaka Same.

Nilipasuliwa. Niliamka nikaambiwa ni binti, yu hai, alichelewa kulia lakini alilia. Daktari alianza sentensi, "Mngechelewa kidogo tu...", akaona uso wangu akaiacha. Mume wangu alinisimulia baadaye kwamba mama yake alikaa kwenye benchi la korido mchana kutwa, tope limemkaukia miguuni, na hakumwambia mtu yeyote kwamba yeye ni mkunga. Nesi mmoja kijana alimwambia, "Bibi, sogea pale, unaziba njia." Akasogea.

Jioni alikuja kitandani kwangu. Alikuwa ameazima ndala, amenawa mikono hadi viwiko. Akasimama, akanyoosha mikono kidogo tu, kama mtu asiye na hakika.

Nikamgeuza mtoto upande wa ukutani. "Nimechoka, Mama," nikasema.

Akaelewa. Akarudisha mikono.

Wengi wanaishia hapo wakisimulia habari yetu: Mama Mkunga alijishusha, Mungu akamwokoa mtoto, Bwana asifiwe. Hawajui yaliyofuata, maana yalifanyika ndani ya nyumba, kimyakimya, na yalifanywa na mimi. Nilipandishwa tena mlimani kulelewa uzazi. Mama mkwe alinipikia uji, alinichemshia maji, alifua nepi kwa mikono yake kwenye maji ya mfereji. Na mtoto sikumpa. Nilimpa wifi. Nilimpa jirani aliyepita kuniletea ndizi. Nilimpa mke wa mzee wa pembe, tena nilihakikisha mama mkwe anaona. Akikaribia, mtoto alikuwa ananyonya, au amelala, au ana mafua asisogelewe. Hakuomba hata siku moja. Laiti angeomba, ningepata nafasi ya kumkatalia na labda mambo yangekwisha. Aliweka uji, akatoka.

Kijiji kilijua. Huku mlimani hakuna kisichojulikana.

Kisha ikaja Jumapili ya kurudishwa kundini. Mama mkwe alikuwa ameomba kuacha uzee wa kanisa, akajitenga mwenyewe na Meza ya Bwana, na siku hiyo alisimama mbele, yeye na mzee wa pembe, bega kwa bega, wote wawili wakiomba kurudi. Hakuna aliyemlazimisha. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye neno.

Nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo tayari, limepangwa vizuri, nimelipika usiku baada ya usiku. Lilikuwa linahusu mikono. Nikahisi magoti yananyooka yenyewe, nikashika benchi la mbele, na wifi yangu akageuka kunitazama na macho yakamtoka. Mama mkwe naye alikuwa ananitazama kutoka kule mbele. Hakukwepa. Alikuwa anasubiri nisimame, na nilimwona amekwisha kukubali.

Sikusimama. Msinisifu, miguu ndiyo iliyonishinda, si moyo. Walipoalikwa Mezani, mimi sikwenda. Nilisema mtoto analia. Mtoto alikuwa amelala fofofo.

Masika ikaisha, na asubuhi moja pembe ikalia kwa ajili ya ndiva. Wifi alikuwa Same. Mama mkwe akachukua jembe nyuma ya mlango, jembe jipya kabisa, akafunga kanga kiunoni, akaondoka. Mimi sikutakiwa kwenda, mzazi ana ruhusa. Lakini nilimfunga mtoto mgongoni nikafuata kwa mbali. Nilijiambia nakwenda kuangalia.

Ndiva ilikuwa imefunguliwa, maji yametoka, na chini limebaki tope jeusi la mwaka mzima. Watu walikuwa wamejipanga kwa mstari wakipitishiana karai. Mama mkwe alikuwa mle chini kabisa, katikati, tope limempita magoti, anachota. Kazi ile hakuiweza hata kidogo. Karai zake zilikuwa nusu, na nusu nyingine ilimmwagikia.

"Mama Mkunga," mwanamke mmoja alimtania, "sasa nani atatulipia faini tununue nyama?"

"Na leo usipande mgongoni kwa mtu, tutakuona!"

Wote wakacheka, na yeye akacheka, akajifuta paji la uso na kujiongezea tope. Sikuwahi kumsikia akicheka hivyo, bila kwanza kutazama nani anamtazama.

Nikakaa ukingoni. Mtoto akaamka akaanza kulia, kanga ikalegea, nikamshusha ili nifunge upya. Mzee wa pembe alikuwa karibu, akaweka karai chini na kunyoosha mikono. "Lete mjukuu, nikushikie ujifunge."

Kicheko kikapungua. Kwenye mstari mzima karai zikawa zinapita polepole. Mle chini mama mkwe alikuwa ameinama, anachota, hainui kichwa. Nilimwona shingo, jinsi alivyoikaza. Alikuwa anajua nitampa nani, kama kila mtu alivyojua, na alikuwa anachota tope kwa bidii ili asione.

Nilichoka. Hakukuwa na sauti yoyote iliyosema nami. Nilichoka tu kubeba, na nikaona kwamba yule mwanamke amekwisha kushuka hadi mwisho, na aliyebaki juu ukingoni, msafi, anayeangalia wengine, ni mimi. Nikavua ndala. Nikateremka ndani ya ndiva na mwanangu, tope baridi likanipanda miguuni, na kidonda cha upasuaji kikanivuta. Nikasimama mbele yake.

"Mama, nishikie."

Akainuka. Akaangalia mikono yake. "Ina tope," alisema.

"Naiona. Nishikie."

Akajifuta kwenye gauni, na gauni lilikuwa na tope kuliko mikono. Akajifuta tena. Kisha akampokea, na mtoto akanyamaza, akamtazama. Hakumbusu. Aliukamata mkono mdogo wa kulia, na pale pale katikati ya tope, watu wote wamesimama na karai zao, akaanza kumfungua vidole, kimoja kimoja.